Maktaba ya chuo inanipa makala mbili tu kuhusu kilimo cha mwani Zanzibar: kanzidata hazina kitu, au sijui kuuliza?

#1 Binti wa Jambiani

Habari za jioni wakuu.

Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu wanawake wanaolima mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, na kwa wiki tatu nimekwama kwenye sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko. Msimamizi wangu hataki kuona blogu wala gazeti katika marejeo. Anataka makala za majarida yanayopitiwa na wahakiki, na anataka nieleze nilizipata kwa njia gani. Nikaingia tovuti ya maktaba ya chuo, nikafungua EBSCOhost, kanzidata ya makala za majarida, nikaandika kwa Kiingereza sentensi nzima: "the challenges facing women seaweed farmers on the east coast of Zanzibar". Nikatia tiki kwenye kisanduku cha matini kamili, nikabonyeza. Zikaja makala mbili, na moja ilikuwa ya Indonesia. Sentensi hiyohiyo nikaipeleka Google Scholar, yakamwagika maelfu ya matokeo nisiyojua nianzie wapi.

Mimi nimezaliwa Jambiani. Mama yangu alianza kulima mwani kabla sijaingia darasa la kwanza, na nawakumbuka watafiti waliokuwa wakija na madaftari yao maji yakipwa, wakimhoji juani huku yeye anafunga mbegu kwenye kamba kwa vikamba vya taitai. Haiwezekani yote waliyoandika yakawa makala moja. Je, kanzidata za maktaba hazina kitu, au mimi ndiye nisiyejua kuuliza?

#2 Mzee wa Rafu

Shida ni sentensi. Kanzidata haikusikilizi kama mkutubi anavyokusikiliza mezani kwake. Inachukua maneno uliyoandika na kusaka rekodi zenye maneno hayo. Neno "challenges" umelifanya sharti, neno "coast" umelifanya sharti, na mtafiti aliyeandika "constraints" na kijiji cha Paje amebaki nje ya mlango ingawa anazungumzia jambo lako hasa.

Fungua utafutaji wa kina, ule wenye mistari ya visanduku. Mstari wa kwanza uwe wa kitu chenyewe: seaweed OR macroalgae OR Eucheuma OR Kappaphycus, yaani mwani kwa majina yake ya Kiingereza na ya kitaalamu. Wa pili uwe wa watu: women OR gender OR livelihood*. Wa tatu uwe wa mahali: Zanzibar OR Unguja OR Pemba OR Tanzania. Mistari hiyo mitatu iunganishe kwa AND. OR inatanua wavu, AND inaubana, na kile kinyota kinavua umoja na wingi kwa pamoja. Mantiki hii tumeirithi kwa George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyefariki mwaka 1864 bila kuona kompyuta hata moja.

#3 Kijana wa Ubungo

Mzee wa Rafu, huo ni mtihani wa hesabu au ni kutafuta makala? Google Scholar ipo tangu 2004, ni ya bure na haidai nywila ya mtu. Dada, soma kurasa tano za mwanzo, umalize sura, ukale pweza Forodhani. Na huko kwenye kanzidata, ukilazimika, ongeza NOT Indonesia na NOT Philippines ili Waasia wasikusumbue.

#4 Fundi Seva

Ninafanya kazi katika kitengo cha mifumo cha maktaba moja ya chuo, na kesi ya namna hii naletewa karibu kila wiki. Sentensi ndefu ina lawama yake, lakini mwizi mkubwa hapa ni tiki.

Wanafunzi wengi hudhani tiki ya matini kamili inamaanisha "nionyeshe makala ambazo maktaba yangu inaweza kunipa". Maana yake ni nyembamba zaidi: "nionyeshe zile tu ambazo faili lake limo ndani ya kanzidata hii". Makala ambayo hapa ipo kama ikisiri (muhtasari) tu, lakini jarida lake maktaba inalipata kwa mchapishaji mwingine, inafichwa kana kwamba haijawahi kuandikwa. Ondoa tiki, tafuta upya, kisha angalia chini ya kila rekodi kitufe cha maktaba kinachokupeleka palipo na matini. Kitufe hicho kila chuo hukiita jina lake, ndiyo maana watu hukipita bila kukiona.

#5 Mwalimu wa Mapitio

Namjibu Kijana wa Ubungo (#3) bila ugomvi. Ile idadi kubwa inayoandikwa juu ya ukurasa wa Google Scholar ni makadirio, na hata ikisema matokeo elfu arobaini, haikuruhusu kuona zaidi ya 1,000. Kinyota alichokitaja Mzee wa Rafu hakifanyi kazi kule. Msimamizi amedai maelezo ya njia: tarehe, kanzidata, maneno, idadi iliyopatikana na idadi iliyobaki baada ya kuchuja. Katika kanzidata ya maktaba unafungua akaunti yako na kuhifadhi historia ya utafutaji, ukarudia mwezi ujao kwa maneno yaleyale. Google Scholar ikibadilisha mpangilio wake usiku, asubuhi huna la kumwambia msimamizi.

Hata hivyo simtupi Kijana moja kwa moja. Kanzidata nyingi husaka katika jina la makala, ikisiri na maneno ya msingi, wakati Google Scholar husaka pia ndani ya matini yenyewe. Kijiji hakitajwi katika ikisiri mara nyingi. Kinatajwa katika sehemu ya mbinu, ukurasa wa nne huko. Andika "Jambiani" ndani ya alama za nukuu pamoja na seaweed, uone.

#6 Mwanabahari

Mmezungumzia OR na tiki, lakini kiumbe mwenyewe hamjamjadili, na ndiye mwenye majina mengi kuliko mshtakiwa wa wizi.

Prof. Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuwa akiandika kuhusu mwani wa pwani yetu katika miaka ya 1970, jenasi ya Kappaphycus ilikuwa haijatajwa popote. Maxwell Doty aliitenga na Eucheuma mwaka 1988. Mwaka uliofuata, 1989, kilimo cha biashara kilianza Unguja kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Kwa hiyo anayetafuta kwa neno Kappaphycus peke yake amefuta kila kitu cha kabla ya 1988, na anayetafuta kwa Eucheuma peke yake anakosa sehemu kubwa ya yaliyofuata. Wanunuzi nao wana majina yao: spinosum, ambao wanasayansi sasa wanauita Eucheuma denticulatum, na cottonii, ambao kwao ni Kappaphycus alvarezii. Hadi leo utakuta makala zenye "Eucheuma cottonii", kwa kuwa jina la sokoni halifi kwa amri ya mtaalamu. Ongeza pia carrageenan, ile bidhaa ya kugandisha inayotolewa kwenye mwani, na ice-ice, maradhi yanayoufanya mwani uwe mweupe na kukatika. Wapo watafiti waliowahoji wakulima kuhusu ice-ice tu, na neno "women" hawakuliweka kwenye ikisiri ingawa waliohojiwa walikuwa wanawake karibu wote.

#7 Mpwa wa Ibo

Mwanabahari amenikumbusha aibu yangu. Nilipokuwa mwaka wa tatu niliona nitumie Kiswahili, nikaandika "mwani" katika kanzidata kubwa ya chuo. Nikaletewa isimu. Kumbe Kimwani ni lugha ya watu wa pwani ya Cabo Delgado na visiwa vya Ibo na Quirimba, Msumbiji, tena ni jamaa wa karibu wa Kiswahili. Nilisoma viambishi vya ngeli za Kimwani kwa nusu saa nzima kabla ya kukumbuka kwamba somo langu lilikuwa uvuvi. Jina ninalotumia humu linatokana na mchana ule.

#8 Muuguzi Mwanafunzi

Tatizo la kitu kimoja kuwa na majina kumi, sisi wa afya tuna dawa yake: istilahi zilizopangwa. Katika PubMed kila makala iliyowekwa kwenye faharasa ya MEDLINE hupewa vichwa vya mada kutoka orodha moja inayoitwa MeSH. Mwandishi anaweza kuandika cancer, tumour au malignancy; wapanga faharasa wanayaweka maneno yote matatu chini ya Neoplasms. Ukikijua kichwa hicho, hubabaishwi na maneno ya mwandishi. PubMed ni bure tangu 1997 na haihitaji chuo. Jambo moja la kuangalia: AND na OR ziandikwe kwa herufi kubwa, vinginevyo huzitambui zinavyokuchezea.

Dada asisahau pia HINARI, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2004, unaofungulia vyuo vya nchi zetu majarida ya kulipia.

#9 Mzee wa Rafu

Muuguzi, ahsante kwa MeSH, ila HINARI ilianza 2002. Mwaka 2004 umeuazima kwa Google Scholar. Na kwa mwani, mlango ulio karibu zaidi ni ndugu yake, AGORA, wa shirika la chakula na kilimo FAO, ulioanza 2003. Siku hizi yote imo chini ya paa moja la Research4Life. Tanzania imo Kundi A, ambalo taasisi zake hazilipi. Kuna masharti mawili ambayo watu huyasahau: chuo lazima kiwe kimejisajili, na si kila mchapishaji amefungua kila jarida kwa kila nchi. Waulize mezani kama chuo chenu kimesajiliwa. Nimewahi kuona chuo kilichosajiliwa kwa miaka huku nywila ikiwa imekunjwa ndani ya droo ya mtu aliyehamishwa.

#10 Binti wa Jambiani

Shukrani wote. Narudisha taarifa.

Jana usiku nimevunja sentensi kama alivyosema Mzee wa Rafu, nimeondoa tiki ya Fundi Seva, nimeongeza majina ya Mwanabahari. Kutoka mbili nimefika hamsini na nane, na nikisoma ikisiri naona kama thelathini zinanihusu kweli. Nimekaa nikicheka peke yangu chumbani.

Kisha nikaharibu. Nilimfuata Kijana wa Ubungo, nikaongeza NOT Indonesia na NOT Philippines, zikabaki kumi na mbili, na makala nzuri kuliko zote iliyokuwa juu kabisa ikatoweka. Baadaye nikajaribu ushujaa wa kinyota: niliandika mari* nikitegemea mariculture, nikaletewa bangi (marijuana), ndoa (marital) na watafiti waitwao Maria. Kinyota nimekielewa sasa. NOT sijaielewa. Makala ile ilikuwa ya Unguja tupu, imeondoka kwa kosa gani?

#11 Mwanabahari

Kwa kosa la uaminifu. Mbegu zilitoka Ufilipino, na mwandishi makini ataeleza zilikotoka, pengine ndani ya ikisiri. NOT haiulizi Ufilipino umetajwa kwa sababu gani. Ikiliona neno, inaitupa rekodi nzima. Yaani umewaondoa waandishi waliojua historia ya zao lenyewe na kuwabakiza wale ambao hawakuitaja. Indonesia nayo hutajwa kila mtu anapolinganisha bei au uzalishaji. Ukitaka kupunguza, ongeza sharti la mahali kwa AND, au bana maneno ya mahali yatafutwe katika jina la makala na ikisiri pekee.

#12 Kijana wa Ubungo

Kosa la NOT nalikubali, nisameheni. La Google Scholar sijalikubali, maana Mwalimu mwenyewe (#5) ametumia nusu ya jibu lake kuitetea. Ila nauliza kwa nini tunazungukazunguka na wachapishaji. Kuna ile tovuti ya dada wa Kazakhstan, ya tangu 2011, ambayo wote humu mnaijua na kujifanya hamuijui.

#13 Fundi Seva

Sci-Hub ya Alexandra Elbakyan tunaijua, na mahakama za Marekani zimeshaihukumu, basi hilo kila mtu alibebe mwenyewe. Kwa uzi huu nasema jambo moja tu: tovuti ile humpa makala mtu anayeijua tayari, akiwa na jina lake au ile namba ya DOI, kitambulisho cha kudumu cha makala, inayoanza na 10. Binti wa Jambiani hakuwa na kiu ya faili. Alikuwa hajui nini kimeandikwa. Hayo ni maradhi mawili, na dawa ya moja haitibu lingine. Ukishaijua makala na umekwama kwenye malipo, tia kwanza kwenye kivinjari programu-jalizi ya Unpaywall, inayokuonyesha kama mwandishi ameweka nakala halali mahali pa wazi. Ikishindikana, mwandikie mwandishi. Watafiti hufurahi sana kusomwa.

#14 Mwana Kisumu

Wandugu, salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Mmesahau mlango. Mtu anaweza kuwa na maneno safi na asipate chochote kwa sababu hakupitia maktaba.

Mchapishaji hamjui mwanafunzi. Anaijua anwani ya IP ya chuo, yaani namba inayoutambulisha mtandao wake. Ukiwa chuoni unaingia bila kuulizwa, ukiwa nyumbani kwa bando lako wewe ni mpita njia, na unaambiwa ulipe dola thelathini na kitu kwa kurasa kumi na mbili. Vyuo vingi hutumia programu ya EZproxy, ya tangu 1999, ambayo hukaa kati yako na mchapishaji na kumwambia kwamba umetoka chuoni. Lakini itafanya hivyo tu kama umeanzia kwenye ukurasa wa maktaba na kuingiza nywila yako. Ukianzia Google, humo huimo.

Nilipokuwa naandika tasnifu yangu nilinakili anwani thelathini za makala kutoka sehemu ya juu ya kivinjari, nikazipanga vizuri kwenye jedwali, nikamtumia msimamizi. Zote zilikuwa zimekufa kabla hajazifungua, kwa kuwa zilikuwa anwani za kikao changu cha siku ile. Mle ndani ya rekodi kuna kitufe cha kiungo cha kudumu. Chukua hicho, au chukua DOI. Huku kwetu maktaba hununua kwa pamoja kupitia muungano wetu wa maktaba, KLISC, na bado kuna miezi ambayo malipo huchelewa na kanzidata fulani hunyamaza. Kwa hiyo nauliza, dada: siku ile ulipopata makala mbili, ulikuwa umeingia kupitia maktaba kweli? Ukikwama kabisa nenda JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni, ina majarida yote hadi ya mwezi huu.

#15 Mwalimu wa Mapitio

Mwana Kisumu, ya mlango ni kweli, ya JSTOR nairekebisha. Ilianzishwa 1995 kuokoa nafasi ya rafu kwa majarida ya zamani, na kwa majarida yake mengi kuna ukuta unaosogea, kwa kawaida wa miaka 3 hadi 5, ambao matoleo mapya hayauvuki. Kwa historia na anthropolojia ya pwani ni hazina. Kwa bei ya mwani ya msimu uliopita, hapana. Mtu asiye na chuo anaweza kujiandikisha bure na kusoma makala 100 mtandaoni kwa mwezi.

#16 Pwani Kavu

Nimewasoma wote kwa utulivu na naona mnalaumu mlango, tiki na maneno, ilhali nyumba yenyewe ina vyumba vichache. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu mwani wa Zanzibar haimo katika kanzidata hizo hata uulize kwa lugha ya malaika. Imo katika ripoti za miradi, mada za semina, tasnifu zilizofungwa kwa jalada gumu la buluu. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Unguja tangu 1978. Hebu fikirini ni karatasi ngapi zimepita pale kabla mtu yeyote hajafikiria kuzipiga picha. Wale watafiti waliomhoji mama yake Binti huenda waliandika ripoti kwa mfadhili, nakala ishirini, na basi.

Nyumbani kwangu nina ripoti moja ya namna hiyo. Imeliwa kona na mende, ina ramani ya vijiji iliyochorwa kwa mkono, na haimo katika kanzidata yoyote niliyowahi kufungua.

#17 Mzee wa Rafu

Ripoti zipo, sikatai. Ila huo ulikuwa wimbo wa mwaka 1995, Pwani Kavu. Jarida la sayansi za bahari linalotolewa na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambacho makao yake ni hapohapo Zanzibar, linasomwa bure na limo katika AJOL, ile kanzidata ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998 na ambayo sasa inaendeshwa kutoka Makhanda, Afrika Kusini. Dada amepata hamsini na nane. Kama nyumba ingekuwa tupu, hizo zimetoka wapi?

#18 Pwani Kavu

Zimetoka kwa wachapishaji waliopenda kuziweka. Hamsini na nane ni zile zilizoonekana. Wewe uliyekaa na rafu maisha yako yote unajua tofauti ya kitabu kisichokuwepo na kitabu kisicho na kadi.

#19 Mzee wa Rafu

Hapo umenipata pabaya, maana kadi niliandika mimi. Katika miaka ya tisini tulikuwa na droo za kadi upande mmoja, na upande wa pili kompyuta moja ya kusomea sidii za ikisiri, foleni yake ikianzia mlangoni. Mwanafunzi alikuwa akiniletea karatasi yenye swali, tunakaa dakika kumi tukibishana maneno kabla ya kugusa kibonyezo, kwa sababu zamu yake ilikuwa nusu saa. Siku hizi hakuna foleni, na dakika zile kumi nazo zimepotea. Lakini hata wakati ule, aliyerudi mikono mitupu mara nyingi alikuwa na maneno mabaya, si sidii mbaya.

#20 Kivu Yetu

Salamu kutoka Bukavu. Kuna chumba kingine ambacho hamjakifungua, nacho ni lugha. Madagaska wanalima mwani uleule upande wa Toliara, na wengi wa watafiti wao huandika kwa Kifaransa. Andika algues OR algoculture pamoja na Madagascar. Matatizo ni yaleyale: bei ya mnunuzi mmoja, joto la bahari, wanawake majini. Sisi huku tuna shida ya kinyume. Tunatafuta kwa Kifaransa na kukosa yaliyo kwa Kiingereza, kisha tunasema hakuna kilichoandikwa.

#21 Mwalimu wa Mapitio

Kabla uzi haujahamia Antananarivo, niseme ninaloliona mimi. Swali la Binti lilikuwa bado halijawa swali. "Changamoto za wanawake" ni gunia. Ndani yake mna bei, afya ya ngozi na macho, maradhi ya mwani, joto la maji, mikopo, na nani nyumbani anazishika fedha. Kila moja ina waandishi wake na majarida yake. Mwenye gunia hupata mbili au elfu arobaini, hakuna katikati.

Na akishapata makala moja nzuri, aache kisanduku. Aangalie marejeo yake ili arudi nyuma, kisha aangalie ni nani walioinukuu ili aende mbele. Eugene Garfield alitoa faharasa yake ya manukuu mwaka 1964 kwa wazo hilo, na ndiyo mzizi wa Web of Science ya leo. Scopus, kanzidata nyingine ya manukuu, na Google Scholar nazo zina kitufe cha kuonyesha walionukuu. Utaona majina yanajirudia. Kwa mwani wa Zanzibar jina la Flower Msuya litakutokea mara nyingi hadi ulizoee, na ukimfuata mwandishi mmoja kama huyo kwa miaka yake yote unapata mstari mzima wa utafiti, pamoja na watu anaobishana nao.

#22 Binti wa Jambiani

Nimekaa na ushauri wa #5 na #21 mwisho wa wiki nzima. Mwana Kisumu, nilikuwa nimeingia kupitia maktaba, ila sina hakika kama kikao kilikuwa hai. Niliacha ukurasa wazi nikaenda kupika.

Kwa "Jambiani" ndani ya alama za nukuu nimekuta makala ambayo kanzidata haikuwahi kunionyesha, kwa kuwa ikisiri yake inasema Zanzibar tu. Ukurasa wa tano una jedwali la vijiji na idadi ya waliohojiwa, na Jambiani imo, na mwaka wake ni ule ninaoukumbuka. Nimempelekea mama kwenye simu, nikamkuzia jedwali. Amelitazama, akauliza kama wameandika kwamba siku ile alikuwa na homa na bado wakamweka majini kwa saa mbili. Nimemwambia hawakuandika.

Katika marejeo ya makala hiyo kuna mada ya semina inayonukuliwa na kila mtu, na sijaipata popote. Kitufe cha maktaba kinanipeleka kwenye ukurasa mtupu.

#23 Pwani Kavu

Nitumie jina la semina na mwaka kwa ujumbe wa ndani. Jumatatu nitakuwa mjini, nitauliza kama jalada hilo lipo. Mzee wa Rafu, naomba usiseme neno.

#24 Mzee wa Rafu

Sijasema.

#25 Fundi Seva

Kabla hatujafunga, Binti, swali moja la kitaalamu. Usiku ule ulipotoka mbili kwenda hamsini na nane, tiki uliiondoa kabla au baada ya kubadili maneno?

#26 Binti wa Jambiani

Nilifanya vyote kwa pamoja, ndipo nikabonyeza.

#27 Fundi Seva

Basi hatutajua.

#28 Mzee wa Rafu

Mimi najua.